Mwaka Nilioagwa

Jumanne, 16 Januari 1996

Mgongo unauma. Leo tumesia mpunga kipande cha kati. Kaka Beno mbele anamwaga mbegu, mimi nyuma nafukia kwa jembe. Wifi Rozina amekaa kwenye mkeka mbele ya kibanda na mguu wake uliovunjika, anatusimamia. Kaka hana watoto wa karibu, ndiyo maana nimevuka mto kutoka mjini kuja kusaidia. Siku chache tu.

Mwalimu mwenzangu Halima yuko Mbeya kwa dada yake, ananisubiri. Tulipatana tuizunguke nchi: Mbeya, Sumbawanga, ziwani, Kigoma kwa meli, Mwanza, turudi kwa Dodoma. Tumechukua likizo ya mwaka mzima bila malipo, mimi baada ya miaka ishirini na mbili ya chaki. Nimemtumia salamu kwa mfanyakazi wa treni kwamba nakuja baada ya wiki mbili. Mwaka ni mrefu.

Jumapili, 4 Februari

Sijaenda misa. Nani anione? Mwisho wa mwaka padri aliniita mbele, akaniombea safari njema, kanisa zima likapiga makofi. Walimu walininunulia kitenge. Majirani zangu wa Viwanja Sitini walipika pilau, na Mama Fideli wa nyumba ya pili alilia kama ninakwenda kuzikwa. Mtu aliyeagwa hivyo haonekani sokoni ananunua nyanya.

Kwa hiyo nakaa huku ng'ambo. Kaka akienda mjini anarudi na sabuni, chumvi, na habari kwamba watu wanauliza nimefika wapi. Anawajibu, "Yuko njiani." Halafu anacheka peke yake. Sipendi kicheko hicho.

Jumatano, 6 Machi

Palizi. Magugu hayana huruma mwaka huu. Mkono wa kulia umetoka malengelenge, yamepasuka, yametoka mengine.

Binamu yetu Getruda amefika kutoka Uchindile. Mjane, mtu mzima, hodari. Kaka alimwita bila kuniambia. Kumbe atakaa mpaka mavuno, apalilie na baadaye aamie, afukuze ndege wasile mpunga. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nimemtazama akifungua mzigo wake nikahisi kama nimenyang'anywa kitu.

Ijumaa, 15 Machi

Nimegombana na Getruda. Anapalilia haraka, anaacha mizizi. Nikamwambia. Akasema kwao wanapalilia hivyohivyo na wanakula. Nikamwambia hapa si kwao. Neno baya, najua. Amefunga mzigo wake na kuondoka kabla ya chakula cha mchana.

Kaka aliendelea kupalilia. Wifi ndiye aliyesema, "Sasa wewe utasafiri lini?" Nikamjibu nitasafirije na shamba liko hivi. Alitazama shamba. Lilikuwa safi kabisa upande wa Getruda.

Halima ameshaondoka Mbeya. Mfanyakazi wa treni ndiye aliyemwambia kaka. Angenisubiri mpaka lini? Simlaumu. Najilaumu kidogo.

Jumatatu, 8 Aprili

Jana Pasaka. Kuku wa kienyeji, wali wa mpunga wa mwaka jana. Wifi ameanza kutembea bila fimbo. Nimempongeza kwa sauti kubwa mno.

Alhamisi, 18 Aprili

Mpunga umetoa masuke. Ndege kwelea wamekuja. Tangu alfajiri niko juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba, napiga debe, natupa udongo kwa kombeo, napiga kelele hadi sauti imekauka. Huku hakuna mapumziko. Majirani wote wanaamia, na ndege wakifukuzwa kwa wengine wanaangukia kwa aliyesinzia. Hata chooni mtu anakwenda mbio.

Jioni kaka aliwasha redio. Kipindi cha salamu. Nikasikia jina langu. Mwalimu Halima, akiwa Kigoma, anamsalimu mwalimu mwenzake Matilda, popote alipo safarini, na ujumbe wake ni: tembea uone.

Kaka alicheka hadi akalala chini. "Wahenga walisema tembea uone," akasema, "hawakusema panda dungu uone!"

Nimecheka nao. Halafu nikaenda nyuma ya kibanda nikalia.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua kutwa. Ndege hawakuja. Wivu umekuja. Halima ameshapanda meli.

Jumapili, 12 Mei

Wifi sasa anapanda dungu mwenyewe. Kaka akaniambia leo, taratibu, kwamba wao wawili wanatosha. Nikamwuliza kama ananifukuza. Akasema hapana, dada, kaa. Nimekaa.

Jumatatu, 24 Juni

Tumemaliza. Mpunga umepigwa, umepepetwa, uko kwenye magunia. Mavuno mazuri. Shamba limebaki mabua tu, na mimi nimebaki bila kazi ya kufanya. Mwaka bado una nusu yake.

Usiku sikupata usingizi. Mimi na Halima tuliiongelea safari hii miaka sita. Kila likizo. Nilijua vituo vyote vya reli kwa mpangilio. Kwa nini basi sitaki kuwaza kushuka mahali ambapo hakuna anayeniita Mwalimu?

Jumanne, 2 Julai

Nimepanda treni. Kitenge cha walimu mwilini, begi mkononi, na kimfuko cha mchele wa shambani kwa kaka, wa kula njiani. Kaka alinisindikiza mpaka stesheni, hakutania hata kidogo. Tiketi ya Mbeya, nianze peke yangu. Treni ilipoondoka nilijisikia binti. Mlimba tukanunua ndizi dirishani. Milima ikaanza, mahandaki, giza na mwanga. Uzuri wa kutisha.

Uchindile nimeshuka. Sijui nilivyoshuka. Nilijiambia nikamwombe Getruda msamaha, siku mbili, kisha niendelee na treni inayofuata. Begi lilikuwa tayari chini. Treni ikaondoka na kiti changu.

Alhamisi, 4 Julai

Getruda amenipokea vizuri kuliko ninavyostahili. Baridi huku, tunaota moto mchana. Nikamwomba radhi. Akasema yameisha. Kisha, akimenya viazi bila kunitazama, akasema:

"Dada, mimi kaka Beno aliniita ili wewe uende. Niliacha mahindi yangu hapa kwa ajili hiyo. Ukanifukuza."

Nikasema ni palizi, mizizi ilibaki.

"Si mizizi. Unaogopa. Ungesema tu unaogopa, tungekucheka siku moja ikaisha."

Kweli tupu. Mpunga haukunishika hata siku moja. Mimi ndiye niliyeushika mpunga.

Ijumaa, 5 Julai

Treni ya kwenda Mbeya imepita. Nilikuwa nimesimama stesheni na tiketi mpya. Sikupanda. Getruda alisimama pembeni, hakunisukuma wala hakunivuta. Ilipotokomea nilimchukia yeye kwanza, kisha nikajua ni nani hasa ninayemchukia. Nina miaka arobaini na saba. Nadhani nafasi ile haitarudi tena, na aliyeitupa ni mimi.

Jumamosi, 13 Julai

Nimerudi nyumbani Viwanja Sitini, mchana kweupe. Nimechoka kujificha. Watoto walinikimbilia wakapokea begi. Majirani wakatoka. Pole na safari, Mwalimu! Za huko? Nikasema nzuri. Vipi ziwa? Nikasema kubwa.

Mgeni hafiki mikono mitupu. Mama Fideli aliuliza kwa utani nimemletea nini. Nilikuwa na mchele uleule tu. Nikampimia bakuli moja, nikasema wa Mbeya. Uongo ulitoka kama sala ya kila siku. Mama Fideli akashukuru kwa kupiga magoti.

Jumatatu, 15 Julai

Asubuhi nimekwenda kwa mwalimu mkuu, nimeomba kurudi kazini kabla ya mwaka kwisha. Atanijibu.

Jioni Mama Fideli amerudisha bakuli langu. Limeoshwa, na ndani kuna mayai mawili. Amezaliwa bondeni, amekula mchele wa bonde hili miaka sitini, na jana aliupika ule niliouita wa Mbeya. Alikaa kwenye kigoda akaniuliza habari za shamba la kaka ng'ambo, akasema amesikia mwaka huu ndege walisumbua sana. Nikasema walisumbua. Akauliza, "Uliamia mwenyewe?"

Nikasema ndiyo.

Akatikisa kichwa, akanishika mkono, akautazama ulivyokuwa mgumu. "Pole, mwanangu," akasema. Kisha akaenda kuwasha taa kwake.