Ruhusa Niliyompa Jemutai

Kiplombe,
S.L.P. 218,
Eldoret.
16 Januari 1972

Mpendwa wifi yangu Waithira,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Wewe na ndugu yangu Wilson mko wazima? Joto la Voi bado linawachoma? Na mgongo wake je, kazi ya reli haijaumaliza? Sisi tuko salama, Mungu ni mwema. Mahindi yameingia ghalani yote na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mimi nimenenepa kidogo, usishtuke ukiniona.

Sasa kaa chini, weka sufuria kando. Nimesikia huko mliambiwa Jemutai wangu ameshindwa na chuo. Aliyewaambia hivyo alifanya haraka kufurahi.

Ni kweli mwaka jana mambo yaliharibika. Alipoitwa chuo cha ualimu kule upande wa Kakamega, si unakumbuka nilichinja jogoo watatu, na kanisani nikatangaza mpaka pasta akaniomba nikae? Msichana wa kwanza Kiplombe hii yote. Basi muhula wa kwanza akaanguka hesabu, akaanguka na sayansi. Wasichana wawili aliokuwa nao kutoka vijiji vingine vya upande huu wa Eldoret walikuwa wamesharudi makwao, mmoja ameolewa tayari. Naye Jemutai akaniandikia kwamba anafunga sanduku.

Kabla sijajibu, ikaja barua ya mwalimu wake, Bwana Wepukhulu. Alisema ameanzisha somo la wanafunzi wapya, kuwafundisha jinsi ya kusoma masomo ya chuo ili wasikate tamaa na kuacha, na Jemutai amewekwa humo. Wifi, niliona aibu. Nilijua ni darasa la wajinga. Mtoto amesoma miaka yote hiyo, leo afundishwe kusoma? Nikavaa lile gauni la maua ulilonishonea, nikapanda basi kwenda kumchukua mtoto wangu.

Niliwakuta darasani, nikapewa kiti nyuma. Kumbe si wajinga. Huyo Wepukhulu, kijana tu wa Bungoma, alikuwa anawaonyesha namna ya kuandika maneno ya mwalimu kwa kifupi, na namna ya kuigawa wiki kwenye karatasi, saa za kusoma, saa za kufua, saa za kulala. Wanasoma wanne wanne, asiyejua anashikwa mkono na anayejua. Halafu kila mmoja lazima abishe mlango wa mwalimu walau mara moja kwa wiki, aulize jambo lililomshinda, na swali lake liandikwe.

Akanionyesha karatasi ya Jemutai. Wiki imegawanywa vizuri, mwandiko kama wa karani. Lakini mahali pa maswali palikuwa peupe, wiki nne nzima.

"Mama, huyu hana shida ya akili," akaniambia. "Adabu yake ndiyo imezidi."

Nikamuuliza tangu lini adabu ikazidi. Akasema kwa mwalimu wa hesabu inazidi upesi sana, mtu akiogopa kuuliza. Wanafunzi wakacheka, na mimi nikacheka, lakini moyoni nilichomwa. Maana adabu hiyo niliiweka mimi. Kwetu msichana haulizi mtu mzima swali. Anangoja mpaka aambiwe. Alipokuwa mdogo, akiuliza mara mbili nilikuwa namfinya sikio. Mtoto alikuwa anaacha chuo kwa sababu ya kumtii mama yake.

Basi nikasimama mbele ya wote, nikamwita. Nikatema mate kidogo kwenye kifua chake, vile mama yangu alivyokuwa akitubariki, na najua hata kwenu Wakikuyu mnabariki hivyo. Nikamwambia, "Jemutai, mdomo huu niliufunga mimi. Leo nimeufungua. Muulize mwalimu mpaka achoke yeye."

Akarudi kwenye dawati, akafungua daftari. Kisha akauliza, akiangalia chini, kwa nini ukigawanya namba kwa nusu jibu linakuwa kubwa badala ya kuwa dogo. Wifi, darasa lote likashusha pumzi, kumbe hakuna aliyejua. Wepukhulu akachora mikate mitatu ubaoni, akaikata nusu nusu, vikatoka vipande sita. Hata mimi wa darasa la tatu nilielewa. Nikarudi Eldoret peke yangu, sanduku nikaliacha hukohuko.

Matokeo yalikuja Novemba. Amepita yote na ameingia mwaka wa pili. Hesabu amekuwa wa nne, na watatu waliomtangulia ni wanaume, kwa hiyo hao siwahesabu. Katika lile somo hakuna hata mmoja aliyeacha tena. Na wapya wanaokuja mwezi huu, Wepukhulu amempa Jemutai wanne awashike mkono yeye.

Sasa sikia ya Krismasi. Tumekaa tunakunywa chai, Jemutai akamgeukia baba yake taratibu, kwa heshima kabisa. "Baba, shamba hili mlilipata kwenye chama cha ushirika mkalilima wote wawili. Mbona kwenye kitabu cha ushirika kuna jina lako tu?"

Mzee Kimutai akaweka kikombe chini, akaniangalia kama kwamba mimi ndiye nimemtuma. Haki ya Mungu, sikumtuma. Siku mbili alishinda na ng'ombe wake. Siku ya tatu akaniambia nivae viatu. Tukaenda wote mpaka ofisi ya ushirika mjini, na karani akaandika jina langu, Rael, chini ya Kimutai, mimi nikiangalia kalamu. Kurudi, mzee akasema huyo Wepukhulu ni mtu hatari. Lakini alikuwa anacheka.

Nisalimie sana Wilson, mwambie dada yake sasa ana shamba. Msalimie Mama Gathogo jirani yenu, na yule aliyewaletea habari ya uongo msalimie zaidi. Mzee anawasalimu. Bwana awalinde mkitoka na mkiingia, mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi wifi yako ninayekupenda bila kuchoka,

Rael, Mama Jemutai