Nyota ya Krismasi Juu ya Matangi

Gudrun, nina hasira!

Unajua hawa samaki wetu wadogo, samoni, lazima kwanza wapate usiku mrefu, ndipo tuwawashie taa, wajue baridi imekwisha na miili ijiandae kwa maji ya chumvi kabla ya kupelekwa baharini.

Basi bosi Asbjørn katundika nyota ya Krismasi juu ya matangi. Imewaka kila usiku, giza hawajalipata. KILA USIKU!

Nikamwambia aizime. Eti, "Acha roho mbaya, Solveig, hata samaki wana Krismasi."

Leo tumejaribu wachache kwenye maji ya chumvi. Wamekufa wote.

Nikamwonyesha. Unajua kasemaje? "Meli ishafika. Pakia."

PAKIA!

Nimelikalia bomba la kupakilia, nakuandikia hapa hapa. Akitaka wapande meli, aanze kunipakia mimi.