Nia Thelathini na Moja na Fukwe Tano za Unguja

Mpendwa mshauri,

Kama umenizidi umri shikamoo, na kama nimekuzidi basi marahaba, maana picha yako ya gazetini ni ndogo na siwezi kukisia. Naomba msaada wako kwa jambo ambalo limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa, ila nikuambie mapema kwamba siombi ruhusa, ruhusa nimeomba tangu nilipoolewa na nimechoka nayo.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na nane, mkazi wa Katindiuka hapa Ifakara, mkulima wa mpunga, shamba letu liko upande wa Namawala, na tangu nikiwa na miaka kumi na tisa kila mwaka mvua zikianza nahamia shambani na sirudi mjini mpaka mpunga uwe umeingia ndani, yaani mshauri nimesimama kwenye maji karibu miaka arobaini, maji ya gotini, kupandikiza, kupalilia, ruba wananinyonya mpaka nawatoa bila hata kuangalia, na mpunga ukichanua napanda dunguni kuamia ndege, napiga debe na kupiga kelele kutwa nzima, ile sauti yangu ya kwaya iliishia huko huko. Silalamiki, mpunga ndio uliosomesha watoto wangu. Ninachosema ni kwamba sijawahi kuingia kwenye maji yasiyo na kazi. Mtoni ukichota ndoo jicho moja liko kwa mamba, mafuriko yakija unabeba watoto na kuku, majaruba ndiyo hayo nimekueleza, sasa nataka kabla sijafa niingie kwenye maji nisimame tu, nisipande kitu, nisichote kitu, nisimfukuze mtu wala ndege.

Binti yangu Nelly anafanya kazi Dar, na mwaka huu akanipigia simu akasema mama, mwezi wa nane nina likizo, twende Unguja siku nne, fukwe chagua wewe. Mshauri, sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniambia chagua wewe. Nilikaa na simu jioni tatu nikiangalia video anazonitumia, nikaandika Nungwi, Kendwa, Paje, Jambiani na Kizimkazi, kila moja niliipenda kwa sababu yake, Paje kwa mchanga mweupe kama unga wa sembe, Kizimkazi kwa sababu ya pomboo wanaoruka, na sikutaka hata moja ibaki.

Nikawaambia nyumbani. Mwanangu mkubwa Leodegar, ambaye ni mwalimu, aliweka kijiko chini akasema, "Mama, bichi ni ya vijana na wazungu. Wewe utakwenda kufanya nini kule? Wanafunzi wangu wakiona picha nitawaambia nini?" Shemeji yangu Kelestini, mdogo wake marehemu, akadakia, "Shemeji, kaka hata miaka mitatu hajamaliza kaburini, wewe unakwenda kuloweka mwili mbele za watu? Kama ni maji, mto Kilombero si upo?" Nikamwambia mto Kilombero una mamba shemeji. Akasema na bahari ina papa. Leodegar akamaliza kwa kusema nikienda asiitwe tena kwangu, hata Krismasi.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Jumamosi yake kwenye sala ya jumuiya yetu ya kanisani, na mimi ndiye mama mlezi wa jumuiya yetu, mwenyekiti wetu Bwana Remigius alikuwa anapanga ratiba ya mwezi wa nane, akaniuliza nitakuwepo, na macho yote yakanigeukia, nikajikuta nasema nakwenda Unguja kwenye mafungo ya kiroho. Unajua desturi yetu, mtu akienda hija au mafungo anabebeshwa nia za wenzake akaziombee huko. Basi Bwana Remigius akatoa daftari jipya likazunguka, na mpaka leo lina nia thelathini na moja. Kuna mguu wa bibi Yosefina, kuna mtihani wa kidato cha nne wa watoto wanne, kuna binti mmoja ameolewa mwaka wa sita hana mtoto, huyo hakuweza kuandika mbele za watu, alinifuata nyumbani akaandika amepiga magoti sakafuni kwangu, akanishika mikono akalia. Na Kelestini, aliposikia ni mafungo, akaamini nimeachana na habari za bichi, alikuja mpole kabisa akaniambia, "Shemeji, niombee nipate usingizi. Tangu kaka aondoke silali." Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, mshauri, huku nasikia aibu mpaka masikioni.

Isitoshe nimeshashonesha gauni la kuogelea, la kitenge, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu na mikono mirefu, ili nisimwaibishe mtu, na fundi Donati aliponiuliza, "Mama, hii ni sare ya kwaya?" nikasema ndiyo, uongo wa pili.

Je, niahirishe safari, au niende kimyakimya nirudi niseme mafungo yalikuwa mazuri, au niseme ukweli nipoteze ulezi wa jumuiya na mwanangu kwa pamoja? Na kama nitakwenda, maana moyoni nakwenda, hizo fukwe tano nianze na ipi, na mimi kuogelea sijui? Tafadhali jina langu lifichwe.

Ni mimi,
Mama wa Katindiuka.

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Katindiuka, marahaba. Nimekuzidi miaka mitatu, kwa hiyo nitakugombeza kwa haki.

Umeniomba nifiche jina lako, halafu umenitajia mwanao, shemeji yako, mwenyekiti wako na mpaka fundi wako. Majina yote nimeyabadilisha. Lakini niambie, Ifakara nzima ina wajane wangapi walioshonewa gauni la kitenge la kuogelea? Gazeti hili linafika huko Ijumaa na jumuiya yenu inasali Jumamosi. Wahi kusema wewe kabla sisi hatujakusemea.

Bahari si kosa. Nasema tena ili Leodegar asome vizuri: mwanamke aliyeamia ndege miaka arobaini ili yeye ashike chaki hana kosa akitaka kusimama majini siku nne. Kosa lako ni mafungo. Umewadanganya watu waliokuja kwako na mizigo yao, na kati yao yuko binti aliyepiga magoti sakafuni kwako. Hilo ni baya, mama, na unajua ni baya, ndiyo maana barua yako inatoka jasho kuanzia aya ya tano. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako imeshafika kwa fundi.

Kwa hiyo huahirishi, na huendi kimyakimya. Jumamosi, sala ikiisha, simama na daftari mkononi useme hivi: "Siendi mafungo. Nakwenda kuingia baharini na binti yangu. Nilidanganya kwa kuogopa midomo yenu, naombeni msamaha. Anayetaka kufuta nia yake, daftari hili hapa." Kisha kaa. Usieleze, usilie, usianze habari za magoti yanayouma na daktari kakushauri maji ya chumvi. Watacheka, wacha wacheke. Bwana Remigius akitaka ulezi, mpe, maana ulezi unaoshikiliwa kwa uongo unachosha kuliko kupalilia. Ila mimi najua wanawake wa jumuiya. Nusu yao watakufuata njiani kuuliza nauli ya boti.

Yule binti usimsubirishe Jumamosi. Mwendee leo, mwambie peke yake, kwa sababu alikuja kwako peke yake.

Tukija kwa Leodegar, huyo mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba unamuaga, humwombi. Krismasi asipokuja, pika, weka sahani yake, mle. Atakuja tu, mtoto wa mpunga haachi wali wa mama yake kwa ajili ya bichi.

Kelestini ni habari nyingine, na hapa nakugombeza tena kwa sababu umeandika jibu bila kuliona. Huyo si mkali, huyo amefiwa. Mtu asiyelala tangu kaka yake azikwe ataona kila anayefurahi anamsahau marehemu. Mfuate kwa heshima, mwambie ukweli wa safari, halafu mwombe muende wote wawili makaburini siku moja kabla hujaondoka. Mfagie, mng'oe majani, na umuage mumeo mbele yake, kwa mdomo wako, umwambie unakwenda wapi na kufanya nini. Akikataa kwenda, nenda peke yako. Ukishamuaga mwenye haki ya kuagwa, hakuna shemeji wa kukuuliza zaidi.

Haya, fukwe. Mama, tano kwa siku nne? Mshika mbili moja humponyoka, wewe umeshika tano! Nungwi na Kendwa ziko kaskazini, Paje na Jambiani mashariki, Kizimkazi kule kusini. Ukizifuata zote utarudi Ifakara unaijua vizuri migongo ya viti vya gari na bahari umeiona dirishani.

Tena kuna kitu video hazikukuonyesha. Wewe wa bondeni unajua maji yanapanda masika na kushuka kiangazi, basi. Bahari inapanda na kushuka mara mbili kila siku. Upande wa Paje na Jambiani, maji yakipwa yanakwenda mbali kabisa, unabaki na mchanga na vidimbwi vya kulowesha vidole tu. Ungefika saa hizo na gauni lako la kitenge ungedhani umegawiwa shamba. Na kweli ni shamba, kwa sababu utakuta wanawake wenzio wameinama, wanafunga mwani kwenye kamba, migongo yao kama ya kwako. Nenda ukawaone siku moja, Jambiani, maji yakiwa yamepwa. Wasalimie, wape pole ya kazi, na mwambie Nelly asiwapige picha bila kuwaomba. Lakini usiniinamie kuwasaidia! Nakujua kwa barua tu na nimeshaiona mikono yako inawasha.

Siku zako nyingine ni za Kendwa. Kule kaskazini maji hayakimbii mbali, yapo asubuhi, yapo mchana, yapo jioni. Nungwi ni jirani, utapita kutembea. Paje iache, mchanga ni ule ule wa Jambiani. Kizimkazi na pomboo wake iwe ya mwaka kesho, na nimesema mwaka kesho makusudi, ili Leodegar aanze kuzoea.

Gauni la kitenge vaa kanisani. Kitenge kikilowa kinakuwa kizito kama gunia na kinakuzunguka miguuni, na wewe kuogelea hujui. Nunua taiti ndefu na tisheti ya mikono, utajisitiri na utatembea. Ukipita vijijini jifunge kanga, wenyeji wa Unguja ni watu wa heshima na watakupokea kwa heshima. Vaa viatu vya plastiki, yeboyebo, majini, kuna viumbe vyenye miiba chini. Maji yasizidi kiuno, na mkono wa Nelly usiuachie mpaka mwili uzoee.

Nikuambie na langu. Mimi ni mzaliwa wa Mahenge, bahari niliiona nina miaka arobaini na mbili, nikiwa kwenye semina. Nilisimama hatua tatu kutoka majini nimevaa viatu vya kazini, nimekumbatia mkoba, nikajiambia sketi italowa, watu watasema nini. Tukaitwa garini nikaondoka na miguu mikavu. Nimeshauri watu gazetini miaka mingi tangu siku hiyo na sijarudi pale. Sketi yenyewe niliigawa zamani. Inaniuma, mama, sikufichi.

Limebaki daftari. Nia za watu hazirudi nyumbani bila kuombewa kwa sababu mbebaji alidanganya. Mjini Unguja, Mji Mkongwe, kuna kanisa kuu la minara miwili. Mkishuka botini nendeni huko kwanza kabla ya ufukwe wowote. Kaa, fungua daftari, soma nia moja moja bila haraka: mguu wa bibi, mitihani, mtoto wa yule binti, usingizi wa Kelestini.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta nia yako wewe, haimo. Umebeba nia thelathini na moja za watu na nafasi yako ukairuka, kama mpishi anayejisahau kujipakulia. Basi kabla hujapanda basi, andika ya thelathini na mbili, kwa kalamu ya wino: nataka kuingia kwenye maji yasiyo na kazi. Kanisani isome ya mwisho, kwa sauti. Kisha funga daftari, na umwambie Nelly atafute gari la Kendwa.