Kulwa, Shikamoo Yako Hii Hapa

Kulwa,

Pacha wako nipo. Bado mzuri kuliko wewe, bado nauza miavuli Kariakoo, na wateja wa kike bado wananiganda. Usinune.

Meza yako ya mitumba pale Mchikichini kaichukua mtu mwingine. Anauza viatu. Nikipita naangalia pembeni.

Unakumbuka walivyokusema? Ulipotokwa na lile doa jeusi, shavu hadi shavu kuvuka pua kama kipepeo, sokoni wakacheka: "Mkorogo umembabua!" Wewe, ambaye hata mafuta ya kujipaka ulikuwa unaniibia mimi! Tukahangaika na dawa za ngozi mpaka figo zikagoma, ndipo dokta akasema ni lupasi, kinga ya mwili kujishambulia yenyewe. Askari wa mwili wamegeuka mgambo, wanavunja meza za kwao wenyewe.

Akatuonyesha picha kwenye simu: Mzungu, mashavu mekundu. Akasema jua huichochea, na inawapata wanawake kuliko wanaume, na wanawake weusi kuliko weupe, tena sisi inatushika vibaya zaidi. Nikamwambia, "Sasa dokta, wagonjwa sisi, picha za Wazungu?" Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Yeye hakucheka.

Tangu uondoke kuna kitu hakiniingii akilini. Tumbo moja, chumba kimoja, jua lile lile. Kwa nini wewe? Nilijianika wiki nzima bila mwavuli, mimi muuza miavuli, nione kama na mimi lile doa litanitoka. Nikazidi weusi tu. Nikamfuata dokta anipime. Akasema wanaume wanaougua wapo, ila wachache, na mimi simo.

Ningeubeba huo ugonjwa, Kulwa. Kifua ninacho.

Sasa ninalokuandikia. Mwaju, mdogo wetu wa kike. Siku hizi asubuhi vidole vyake havikunjiki, vifungo vya sare ya shule namfunga mimi. Juzijuzi nikaliona: doa, shavu hadi shavu. Mama akasema chunusi. Jana majibu yametoka. Jina lile lile.

Mwaju akaniuliza, "Kaka, nitakuwa kama dada Kulwa?"

Mimi, na mdomo wote huu, nikainama kumfunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa.

Dokta anasema safari hii tumewahi. Nataka kumwamini, inagoma.

Nakuahidi: mwavuli mkubwa kuliko yote nimempa Mwaju, vidonge vyake nitavisimamia, na atakayetamka mkorogo mbele yangu atanijua. Zaidi ya hapo sina cha kuahidi.

Ulinitangulia kutoka tumboni kwa dakika chache tu, ukataka nikuamkie maisha yote. Nikagoma. "Nimwamkie pacha wangu? Labda nife!"

Haya. Umenitangulia tena. Umeshinda. Pumzika, mbishi wangu.

Shikamoo, dada.

Itikia basi.

Doto