Waliomwona Baba Asubuhi Ile

Louisville, 12 Aprili 2015

Wifi yangu mpendwa Béatrice,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na watoto wote hapo Riverside. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba kifua cha mwanao wa mwisho kimetulia baada ya baridi yote ile. Sisi hapa ni wazima wa mwili. Watoto wanakwenda shule, Gracieuse ameng'oka meno mawili ya mbele na anajivunia pengo lake, nami bado nafanya kazi usiku kwenye lile ghala la viatu. Kaka yako Jean Bosco hajui kwamba nakuandikia, lakini angejua angekusalimu.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Nimekupigia mara tatu tangu mazishi ili nikwambie neno moja, na mara zote tatu nimeishia kuulizia habari za kwaya yenu. Nikisikia sauti yako ulimi unakuwa mzito. Kwa hiyo nivumilie, usome polepole mpaka mwisho, na ukiweza usome ukiwa peke yako.

Nianze na siku Baba alipotufikia. Unakumbuka kwamba kule Columbus kwa ndugu yenu Muhoza alikuwa amepotea mara mbili, akashuka ngazi za ghorofa tatu na kukutwa na polisi kwenye kituo cha basi. Mkakubaliana aje kwetu hapa Shively kwa sababu nyumba yetu ina ua. Muhoza alimleta mwenyewe, mwezi wa nane. Alimkalisha sebuleni, akatugeukia, akasema, “Nawakabidhi baba yetu. Fungeni milango.” Jean Bosco akajibu kwamba ameelewa.

Baba alikuwa amesahau mengi. Mimi aliniita kwa majina ya dada zake. Lakini ule ua haukumchosha. Nyuma ya nyumba kuna nyasi kidogo, mti mmoja mkubwa, uzio wa waya ulioraruka, na nyuma ya uzio mtaro wenye vichaka. Nilimwekea kiti cha plastiki chini ya mti. Siku ya tatu kindi walikuwa wanapita kati ya viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeishi pale miaka minne bila kujua kwamba kuna kindi mwenye mkia uliokatika, wala kwamba swala wawili hunywa maji mtaroni kila asubuhi.

Siku moja Gracieuse alimwuliza babu yake kama kindi wanatujua. Baba akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, kama mtu mwenye akili zake zote, “Wanatujua kuliko tunavyojijua. Hawaangalii uso. Uso ni wa kudanganyia. Wanaangalia mikono ya mtu, na jinsi anavyokanyaga.”

Nikamwuliza amejuaje. Ndipo akanisimulia habari ambayo sijui kama aliwahi kuwasimulia ninyi watoto wake. Alisema mwaka wa sabini na mbili, wakati wa mauaji kule nyumbani, kabla ya kuvuka kuingia Tanzania, alijificha siku kumi na moja kwenye mafunjo, maji yakimfika kiunoni. Watu walipita njiani wakimtafuta. Hakuwahi kuona uso wa mtu hata mmoja. Aliona miguu na mikono, akajifunza kujua nani amechoka, nani ana hofu, na nani amekuja kuua. “Hawa wadogo,” akasema akiwaonyesha kindi, “wanaishi hivyo kila siku. Mimi wamenipima. Wameona sina kitu tena.”

Kuanzia hapo nami nikaanza kutazama. Nikirudi kazini nilikaa kwenye meza ya jikoni, karibu na dirisha, nikawa najiuliza tunaonekanaje kutoka kule kwenye matawi. Nyumba inayotoa moshi. Mwanamume anayetoka giza halijaisha na kurudi akiburuta mguu. Mwanamke anayelala mchana. Na mzee anayewekwa nje asubuhi na kurudishwa ndani.

Mwezi wa kumi na moja akaja mnyama mwingine. Ni wa jamii ya mbweha, wa kijivu, miguu mirefu. Jirani aliniambia ni kayote na kwamba hana neno na watu. Alikaa ng'ambo ya mtaro. Kindi walipomwona walipanda mti wote kwa pamoja. Baba hakuondoka kitini. Nilikimbia nje nikapiga sufuria, kayote akaondoka bila haraka. Baba akanikasirikia. Alisema, “Mwache. Anahesabu hatua zangu tu.” Usiku wa siku ile nilipanga viatu kwenye maboksi huku maneno hayo yakiniandama, na kesho yake mnyama alikuwa pale pale.

Jean Bosco alipopata habari alisema Baba asitoke tena bila mtu kukaa naye. Na kweli alianza kutoroka, mara mbili tulimkuta ameshafika uzioni. Komeo la mlango wa nyuma lilikuwa limelegea, ukilisukuma linafunguka. Hayo unayajua. Uliyasikia msibani.

Sasa wifi, nifike pale ninapoogopa kufika.

Msibani niliwaambieni kwamba nilikuwa nimelala chumbani, kwamba komeo lilikuwa bovu, na kwamba Baba alilisukuma akatoka. Niliwaambia polisi, nikamwambia mchungaji, nikamwambia Muhoza. Sikuwaambia kweli.

Komeo lilikuwa jipya. Jean Bosco alilinunua na kulifunga Jumapili baada ya ibada, juu kabisa ya mlango, mahali ambapo Baba hafikii. Ilikuwa siku nne kabla. Tangu hapo kila asubuhi Baba alisimama mbele ya mlango ule akipiga kwa viganja na kulia, akisema tumemfungia kambini. Nami nilikuwa nimetoka kazini, nimesimama kwa muda wa saa kumi. Nikimfungulia, alinyamaza papo hapo. Basi nilimfungulia Jumatatu. Nikamfungulia Jumanne na Jumatano. Nilimvika koti na kofia, nikamkalisha kitini, nikarudi kwenye dirisha langu nikijiambia kwamba ninamwangalia.

Alhamisi ilikuwa baridi ya kukata masikio. Watoto walikuwa wameshapanda basi la shule. Baba akapiga mlango. Nikainua komeo kwa mkono wangu. Nilimwona akikaa, nikaona kindi mmoja akimsogelea, nikaweka kichwa juu ya meza nikisema ni dakika kumi.

Nilipoinua kichwa ilikuwa inakaribia saa nne.

Kiti kilikuwa kitupu. Juu ya mti hapakuwa na kindi hata mmoja. Kunguru walikuwa wamejipanga kwenye waya wa umeme, kimya, na wote wameelekeza vichwa upande mmoja. Nikafuata walikotazama. Baba alikuwa ameanguka chini ya kichaka, karibu na mtaro. Alikuwa amevua koti na kofia. Daktari alitueleza baadaye kwamba mtu akizidiwa na baridi huhisi joto. Yule kayote alikuwa ng'ambo, amekaa kama mtu aliyefika kwenye matanga. Hakuwa amemgusa. Aliponiona hakukimbia, aliangalia mikono yangu, kisha miguu yangu, kisha akageuka akaingia vichakani. Najua ni mnyama tu. Lakini nilijiona kama alivyoniona: mwanamke mwenye nguvu zake, amekuja amechelewa, mikono mitupu.

Polisi waliniuliza, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa “komeo”. Halikuwa jambo nililopanga. Lilipokwisha kutoka, halikurudi.

Na hili ndilo linaloniua. Siku ile jioni, Muhoza akiwa bado njiani kutoka Columbus, nilimwona Jean Bosco akienda kwenye mlango wa nyuma na bisibisi. Alilitazama lile komeo alilolifunga mwenyewe. Kisha alilifungua skrubu moja baada ya nyingine, akalitia mfukoni, akarudisha lile bovu. Hakuniuliza kitu. Asubuhi Muhoza alipolisukuma lile bovu kwa kidole kimoja na kusema mbele ya waombolezaji wote, “Umeshindwa komeo moja, Jean Bosco? Komeo moja tu kwa ajili ya baba yako?” wewe ulikuwepo. Ulimwona ndugu yako akiinamisha kichwa. Ulilia ukatoka nje. Ulidhani ni aibu ya kosa lake.

Tangu hapo hali chakula vizuri, kwaya ameiacha, na haongei nami isipokuwa mambo ya watoto. Wanyama nao wamebadilika. Jean Bosco akitoka uani kindi wanaendelea na shughuli zao. Nikitoka mimi, ua mzima unakuwa mtupu. Pengine ni hatua zangu tu. Nimejaribu kukanyaga polepole; haijasaidia.

Muhoza ametuita Columbus Jumamosi ya tarehe ishirini na tano tumalize matanga. Ametuma neno kwamba Jean Bosco atakaa na wageni, hatahesabiwa kati ya watoto wa marehemu. Jean Bosco amekubali. Amesema, “Sawa,” akaendelea kufunga kamba za viatu.

Mimi sijakubali. Kabla ya sala nitasimama niseme haya yote mbele ya Muhoza na ya kila aliyekuja. Nimekuandikia kwanza wewe ili usiyasikie kwa mara ya kwanza mbele za watu. Nakuomba usimwambie Muhoza. Aachiwe ayasikie kinywani mwangu. Mtakaloamua juu yangu nitalipokea. Siombi unitetee, wala usikae karibu nami siku hiyo. Kaa karibu na kaka yako. Umshike mkono nitakapoanza kusema, kwa sababu najua atanyanyuka kunikatiza.

Nisalimie watoto wako mmoja mmoja, na mama wa kwaya aliyenipa kitenge msibani. Bwana awalinde katika nyumba yenu.

Ni mimi, mke wa kaka yako, ikiwa bado utaniita hivyo,

Caritas