Betri Iliyobaki ya Droni Yako

S.L.P. 47,
Kiptere.
16 Julai 2025.

Mpendwa Kipchirchir,

Chamgei, mtoto wa kaka yangu! Joto la Doha limekukausha ama bado una mashavu? Unalala vizuri? Unakula nini huko? Sisi tu wazima, asante Mungu, ila baridi ya mwezi huu inaingia mpaka kwenye mifupa. Mama yangu, Kogo wako, anakunywa uji vizuri, lakini miguu imekataa kabisa. Tangu Pasaka hajafika hata kwa zizi.

Sasa kaa chini. Ile droni uliyoiunda ukaiacha juu ya kabati, rubani wake siku hizi ni mimi. Usicheke! Nimeiangusha mara nyingi, lakini chai ya shambani ni godoro zuri, haijavunjika. Kila asubuhi ninairusha, Kogo anakaa kwa veranda na simu mkononi, anatazama humo picha za shamba lake. Juzi aliona wachumaji wameruka kona ya chini karibu na mto, akawapigia kelele mpaka ng'ombe wakashtuka. Haki, ungeuona uso wake!

Lakini nimekuharibia betri moja. Si unajua huku, mvua ya alasiri ikinguruma tu, stima imeenda. Kwa hivyo sote tunachaji mbio mbio. Chaja yako ikaniuliza ampea ngapi, nikaipa tano, ati imalize kabla ya wingu kufika. Tena betri ilikuwa imelala kwenye simiti, baridi kama jiwe. Ikavimba! Kogo akaitazama, akasema imevimbiwa kama ndama aliyenyweshwa kwa pupa. Nimeifukia kwenye ndoo ya mchanga, mbali na nyumba. Vitu kama hivi hutupwa wapi?

Hapo ndipo udadisi uliponishika. Mbona simu inavumilia na hii haivumilii? Danson, yule fundi wa simu pale Litein, anasema simu ina mlinzi wake ndani, hii yako haina. Mlinzi ni chaja na mtu anayeibonyeza. Kumbe!

Nikasoma maandishi ya betri. Imeandikwa 2200 mAh. Nikagawanya kwa elfu, nikapata mbili nukta mbili. Hizo ndizo ampea zake za kuchajia, sivyo? Halafu kuna ile 35C. Nilidhani ni kasi ya kuchaji, nikapiga hesabu, nikapata ampea sabini na saba. Woi, si tungechoma boma lote! Lazima hiyo ni ya kutoa nguvu ikiwa angani, si ya kuingiza. Ni kweli? Na zile nyaya nyembamba, ni za kusawazisha nguvu kati ya vyumba vyake vitatu vya ndani, ama ninaota?

Sasa imebaki moja. Ninaiacha kwanza ipoteze baridi ndani ya nyumba, naipeleka juu ya matofali nje, naipa ampea mbili, na ninakaa hapo hapo nikimenya viazi mpaka ijae. Inachukua saa nzima na zaidi. Usiniandikie ile methali ya haraka, Kogo ameshanichosha nayo.

Na bado ni yeye aliyetaka niisukume. Jana stima ilikatika katikati, leo asubuhi hatukuruka. Akaniomba niongeze ampea kidogo tu, siku moja. Nilikataa, na roho ikaniuma, maana asubuhi zake si nyingi, na sote tunajua.

Kisha akauliza kama hicho kitu kinaweza kufika kwako. Nikamwambia betri ni ya dakika kumi, inaishia kwa mto.

"Basi iache ijae pole pole," akasema. "Mimi nitangoja."

Kipchirchir, hiyo likizo ya Desemba usiisogeze tena.

Dadako Rodah na watoto wake wanakusalimu, na Mama Nyathira jirani pia. Msalimie Phelix mnayelala naye chumba kimoja. Mungu akufunike kazini, na akurudishe kwa mlango huu huu.

Ni mimi, shangazi yako akupendaye hata ukichelewa kujibu,

Chepkorir