Oili Iliyopimwa Mteremkoni

Mjukuu wangu Marwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Machochwe hatujambo, mahindi yamekubali, na bibi yako anasema ule ushibe.

Umeuliza kama ufungue pampu ya oili inayoinua jembe, maana trekta lenu huko Morogoro linainua jembe nusu kisha linaliachia. Ngoja kwanza.

Wakati wa ujamaa mimi ndiye niliyeendesha trekta la kijiji. Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo tuliliegesha mteremkoni, pua chini, ili asubuhi liwake kwa kusukumwa. Msimu mmoja mikono ya nyuma ikakataa kuinua jembe. Nikapima oili palepale, kijiti cha kupimia kikaonyesha imejaa. Nikaifungua pampu, nikahangaika nayo siku mbili, mvua imeshaanza, kijiji kizima kinanitazama.

Mama Bhoke, aliyekuwa akituletea uji shambani, akauliza, "Dereva, mbona unapima likiwa limeinama? Mimi nikipima maziwa kibuyu kimeinama, si nitajidanganya?"

Nilimwambia aende zake na uji wake. Alipoondoka, nikarudisha pampu, tukaliachia trekta likashuka hadi tambarare. Kijiti kilitoka kikavu. Tukaongeza oili, jembe likapanda, likakaa juu.

Kwa hiyo shusha jembe, egesha mahali tambarare, ndipo upime.

Jioni ile nilimwomba radhi Mama Bhoke mbele ya watu wote. Mwenyekiti wa kijiji akaniachia usukani, ila akasema kuanzia siku hiyo oili itapimwa na Mama Bhoke. Na aliipima miaka yote niliyoendesha.

Babu yako